Pigo la Nane

Kura ni mbili kwa mbili. Wananitazama mimi,
mpiga dramu, mtu wa mwisho kuulizwa lolote.
Tumekaa nyuma ya gereji ya baba yake Lwitiko, Tabata Kimanga,
juu ya injini ya Fuso isiyokuwa na gari,
bendi ya metali katika jiji la singeli,
chipsi mayai zinapoa kwenye mfuko.

Hidaya anasema: tumhame Chilongani.
Ana sauti ndogo dada huyu, mpaka ashike maiki;
hapo hunguruma kama lori la kokoto linalotafuta gia.
Albamu mbili, anasema, na zote snea inalia kama sufuria.
Albamu mbili, na gitaa limekaa nyuma ya pazia.
Kule Mikocheni yuko Farhan, ana chumba cha vioo,
ana ukimya wa kununua. Anahesabu saba bila kufundishwa.

Ombeni hasemi kitu. Anakaza waya uliokwisha kukaza.

Mwaka ule wa kwanza tuliingia kwa Chilongani
na wimbo wa dakika kumi na moja.
Alikuwa ametoka kurekodi kwaya, na tangazo la unga wa sembe.
Ukutani trei za mayai, mlangoni godoro,
dirishani jenereta ya jirani ikipiga besi yake.
Akasikiliza, macho kafumba. Akacheka:
"Vijana, mnajikwaa. Kila mzunguko kuna pigo linadondoka.
Mizani ni nane kwa nane, hata washairi wanajua.
Nani kawaibia moja?"
Tukamweleza. Akaitikia kwa adabu.
Usiku, tulipoondoka, akatusaidia:
akaukata wimbo vipande,
akashona pigo la nane kila palipokuwa na pengo.
Asubuhi ulikuwa umenyooka kama sare ya shule.
Lwitiko alilia. Kweli alilia, na ndevu zake zote.

Wiki nzima hatukuongea naye.
Kisha akapiga simu. Njooni, akasema, na ngoma zenu.

Akapanga vizibo,
saba juu ya meza,
cha nane kakificha,
tukaanza kucheza.

Alivigusa kwa kidole, kimoja kimoja,
midomo ikitembea kama ya mtoto wa madrasa,
na alipofika penye pengo kidole kilibaki hewani
kinatetemeka, hakijui kitue wapi.
Sijaona tena mtu akiogopa hivyo kwa ajili ya wimbo wangu.

Lakini snea inalia kama sufuria. Hilo nalo ni kweli.
Mapenzi hayapandishi sauti ya gitaa.
Na Hidaya ana miaka thelathini na mbili, koo si chuma.
Mtu akikufulia shati likabaki na doa,
unamshukuru, au unalifua upya?

Nilikwenda Mikocheni juzi, sikuwaambia.
Farhan alinipigia saba, akanipigia kumi na moja, kumi na tatu,
kwa kalamu, pembeni ya meza, huku anajibu ujumbe kwenye simu.
Hakukosea hata mara moja.
Nilisubiri kidole kitetemeke.
Chumba kile hakina jenereta. Nilisikia damu yangu masikioni,
na nilipopiga snea, Mungu wangu,
ilikuwa snea.

"Sema basi," anasema Sadala, mdomo umejaa chipsi.
Nimetia mkono mfukoni. Kizibo kipo,
kile cha nane, nilikichukua siku ile alipokwenda msalani;
kimekunjika, kingo zinauma.
Simu inatikisika juu ya injini. Ni Chilongani:
"Nimepata mlango wa mbao nzito, Buguruni, kwa bei ya kutupa.
Sasa jenereta haiingii tena. Mje Jumamosi?"

Wote wameusoma. Hakuna anayeigusa simu.
Lwitiko, yule aliyelia, ndiye anayeilaza kifudifudi.
Naanza kuhesabu, si kwa sauti.