Beseni la Bluu

Tulimwita Afande,
kwa kuwa hakuvua kofia ya chuma hata usiku.
Baba Sebbi alimtoa Karuma ndani ya gunia la mkaa,
akamweka sebuleni kwetu hapa Bombo:
"Huyu habweki, hang'ati. Mgeni gani bora?"

Kweli hakuwa na makuu.
Jani la dodo, ganda la papai, kimya.
Sebbi akimpandisha askari wa plastiki mgongoni,
na Mastura, miezi tisa, akitambaa nyuma yake,
wawili hao kwa mwendo mmoja,
mpaka nikacheka: nani kamfundisha mwenzake?

Jumamosi nilimsugua gamba kwa brashi
ndani ya beseni la bluu.
Nikamwaga maji. Nikasuuza.
Jioni nikamwogesha mtoto humo humo.
Nimelirudia hilo kichwani mara ngapi,
mkono wangu ukisuuza, ukisuuza kidogo tu.

Usiku wa Jumanne alichemka kama sufuria.
Nepi ya kwanza maji, ya pili kamasi,
ya tatu nikaipeleka penye taa:
damu.

Muuguzi Acen hakupandisha sauti.
"Mayai mabichi?" Hapana.
"Maziwa ya barabarani? Maji ya kisima?"
Nachemsha, sista. Nachemsha kila kitu.
Nilisema kwa kiburi, Mungu anisamehe.
Ndipo Sebbi, aliyekuwa akihesabu vigae,
akaviambia viatu vyake:
"Na Afande je?"

Acen akaweka kalamu chini.
"Kobe haumwi. Ndiyo shida yenyewe.
Hubeba vijidudu kama tarishi asiyejua kusoma,
huacha barua kwenye gamba, kwenye sakafu,
na mtoto wa umri huu husoma kila kitu kwa mdomo."

Siku sita za dripu kwenye mguu mdogo kuliko kiazi.
Ya saba akanipiga kofi, anataka titi;
sijawahi kupigwa vizuri namna ile.

Sasa Afande yuko uani, nyuma ya mabati, mbali na jiko.
Beseni nimelitoboa kwa msumari wa moto,
lisishike maji ya mtu tena.
Sebbi humpelekea majani, hurudi,
hunawa kwa sabuni hadi viwiko,
huninyooshea viganja ninuse.
Jana alinawa mara tatu.
"Mama, Afande anajua ni mimi niliyemtaja?"

Mastura alikuwa mlangoni,
kaelekeza kidole kwenye mabati,
kidole kilekile,
kisha akakirudisha kinywani.