Ulichanua Mimi Sipo

Tawi lilitoka Shangani, kwenye uzio wa nyumba ya wageni,
siku niliyokwenda kuchomelea geti lao.
Mlinzi alilikata kwa panga,
akalifunga kwenye gazeti kama vitumbua vya asubuhi.
"Hili halifi, fundi," akasema, "hata ukilisahau."

Nyumbani Chikongola nikachimba shimo kando ya baraza,
kwenye mchanga wetu ule unaomeza maji huku unakutazama.
Nikachanganya samadi ya mbuzi wa Chitanda.
Nondo zilizosalia nikazisuka uchanja,
mraba kwa mraba, nikazipaka rangi ya kuzuia kutu:
kazi safi kuliko geti lenyewe.

Chitanda akasimama njiani.
"Utapanda matango?"
Maua, nikamwambia. Bogenvilia.
"Maua," akarudia, kama mtu aliyekumbushwa deni.
"Ua halisongwi ugali, fundi."
Na jina hilo refu akalikata hapo hapo: Boga.
Mtaa mzima ukawa unaniuliza, Boga hajambo?

Nikamhudumia Boga.
Jumanne na Ijumaa, maji ya bomba.
Siku nyingine maji ya kuoshea mchele,
ya kusuuzia vyombo, masazo ya birika la udhu.
Asubuhi kabla sijawasha mashine,
jioni masizi yangali kwenye kope,
nafunga kila chipukizi kwa uzi wa katani,
fundo legelege, lisimkabe.
Naye akanenepa. Majani mapana, ya kung'aa,
miiba iliyonichana mkono mpaka shati likanata.
Akafika dirishani. Akafika batini.
Ua?
Hata la dawa.

Mwaka mzima.
Somoe, akichambua kisamvu, akaniambia bila kuinua uso:
"Unamnywesha kama kitindamimba.
Ajisumbue kuchanua ya nini, kila kitu analetewa?"
Nikanuna.
Usiku ule nikaongeza ndoo.

Mwezi wa saba Somoe akateleza uani, kwenye povu la sabuni.
Nyonga. Tukapelekwa Ndanda.
Wiki sita nililala sakafuni juu ya boksi,
nikajifunza kumsuka mabutu, kumpooza uji,
kujua kwa mlio wa kitoroli kama inakuja dawa au chakula.
Siku ya magongo nikamshika kiwiko.
"Niache," akasema. "Kama ni kuanguka nianguke mwenyewe."
Nikamwacha.
Nikatazama ukuta, rangi yake, ufa wake,
nikihesabu kwa masikio: gongo, mguu, gongo.
Boga sikumkumbuka hata mara moja. Naapa.

Tulirudi mwezi wa tisa,
mikorosho imechanua barabara nzima tangu Nanganga.
Chikongola haikuwa imeona tone.
Somoe ndiye aliyeona kwanza, akasimamisha magongo.

Uchanja haukuonekana.
Majani yalikuwa yamepukutika karibu yote,
mchanga chini mkavu kama unga wa muhogo,
na kuanzia shinani mpaka juu ya bati
rangi ile chuma kinayoipitia
kabla hakijarudi kuwa cheusi.
Chitanda akatoka mbio: "Sikumwagilia hata kikombe!"
kama anayejitetea mahakamani.

Nikasogea, nikachuma moja.
Kumbe hata hilo si ua.
Ni majani matatu membamba kama karatasi, yamejitia rangi,
na katikati, vidogo kama punje za mtama,
vijiua vyeupe ambavyo hakuna anayevisifia.

Niliudhika, nisiseme uongo.
Ndoo za mwaka mzima!
Somoe alicheka mpaka akaishika nyonga,
akajishusha barazani taratibu, peke yake,
petali, au majani, sijui niyaiteje, yakimwangukia mtandioni.
"Lete maji," akasema.
Nikaruka, nikakamata ndoo.
"Ya kunywa, fundi.
Yangu."