Ndoo Moja ya Kokoto

Mhadhiri aliandika sifuri ubaoni, nyingi,
akapangusia chaki kwenye suruali, akasema:
matale haya mnayoyakalia hapa Dodoma
yana miaka bilioni mbili na milioni mia saba.
Tukanakili. Chilongani akapiga miayo.
Sifuri hazina uzito. Nilizibeba daftarini
mpaka Ntyuka, wala begi halikuniumiza bega.

Mama alikuwa kazini, upande wa nyuma wa mlima,
ameketi juu ya gunia lililokunjwa mara nne,
jiwe amelizungushia kipande cha mpira
kokoto zisimrukie machoni.
Usiku walikuwa wamechoma tairi mbili juu ya mwamba;
alfajiri wakaumwagia maji, ukalia, ukapasuka.
Nyundo ilikuwa inamalizia kazi ya moto.

"Mmesoma nini leo?"
Nikamtajia umri wa jiwe lililo katikati ya miguu yake.
Hakuinua uso. "Milioni ndiyo ngapi?"
Nikafungua mdomo. Upepo wa Agosti ukaujaza vumbi.

Basi nikavuta ndoo, ile ya rangi, lita ishirini,
isiyo na mkono, iliyokanyagwa na lori ikapona.
Kokoto moja, nikasema, ni miaka milioni.
Tuanze siku mwamba ulipopoa.
Mama akacheka, lakini alihesabu, kwa Kigogo,
nami kwa Kiswahili, tukikosana kila mia.

Mia tatu. Mia nane. Elfu na mia tano.
"Hakuna hata mjusi?"
Hakuna, mama. Kuna utelezi tu,
kama ule wa ndani ya pipa la maji tulilosahau kuliosha,
unakula mwanga, unatoa hewa,
haujui kwamba hewa hiyo tutaivuta sisi.
"Miaka yote hiyo, utelezi?"
Akaitazama ndoo, imeshavuka nusu,
kwa heshima ambayo hajawahi kuipa kokoto.

Ilipopita elfu mbili na mia moja na kitu
ndipo nikampa jicho la kwanza, na gamba, na taya;
kisha majani yakathubutu kutoka majini,
na mijusi mikubwa akaipokea kimya,
kana kwamba aliitarajia.
Zilipobaki arobaini na sita, nikazizuia.
Hapa, nikasema, huko Singida palikuwa na ziwa;
vijisamaki vyake vimelala ndani ya tope lililokauka
mpaka leo, miiba yote imetimia.
Mama akazikusanya zile arobaini na sita.
Zilienea viganjani mwake.

"Na sisi?"
Watu hatufikii theluthi ya kokoto ya mwisho.
Akaiweka juu ya fuawe, akaigonga, akaigonga tena,
akachagua chembe kwa ncha ya kidole.
"Hapa yumo na bibi yako Sechelela?"
Yumo.
"Na ule mwaka wa njaa, tuliokula mbegu?"
Umo.
Hakuipuliza. Aliishika hivyo, kidole juu,
mpaka honi ikamshtua.

Dereva alikuwa na haraka, anajengewa msingi Mtumba.
Ndoo zilipimwa, zikamwagwa, pamoja na ile yetu,
utelezi, taya, samaki wa Singida,
kishindo kimoja juu ya bodi la lori. Shilingi mia nane.
Mama akakunja noti ndani ya fundo la khanga.
"Ungeniambia mapema kuwa ni ya zamani hivyo,
ningemtoza elfu."

Nimeliona tena jiwe lile, maabara,
limekatwa jembamba kuliko ganda la kitunguu:
chini ya hadubini ulanga unawaka kama mkia wa tausi,
na zirkoni, chembe ngumu, imetunza hesabu yake.
Mwalimu alisema mwamba una mipasuko ya asili.
Nalijua hilo tangu nina miaka sita.
Mama huita mlango: huupapasa kwanza kwa kidole gumba,
ndipo hupiga.

Kwenye mtihani waliuliza umri wa matale ya Dodoma.
Nikaandika: ndoo moja, ya rangi, isiyo na mkono.
Kisha nikafuta, nikaweka sifuri.