Mstatili Mkavu

Nyumba yangu zamani ilibeba wagonjwa.
Niliinunua mnadani Tukuyu, king'ora kimekufa,
msalaba mwekundu umepauka
kama rangi ya mdomo ya mtu aliyekwisha kula.
Kitanda ni kile kile. Nimeongeza godoro,
jiko la gesi, ndoo, picha ya marehemu mke wangu
na paka wawili, ambao sikuwanunua.

Pareto alipandia Uyole, ndani ya gunia la viazi.
Ulanzi alipandia Ilula, msimu wa vitunguu,
kitoto kinayumba, miguu minne, njia tano;
jina likajileta lenyewe.

Kazi yangu ni kuchanja kuku dhidi ya mdondo,
tone moja, jicho moja, anayefuata.
Sasa fikiria: daktari wa kuku
anashuka garini, na paka wawili nyuma yake.
Watoto wa Rujewa walicheka mpaka wakakaa chini.
"Babu, hao ni wasaidizi au wateja?"
Hawajawahi kugusa hata kifaranga.
(Sawa. Mmoja. Igawa. Nililipa.)

Nikiendesha, Pareto hulala juu ya dashibodi,
mkia unaning'inia penye mshale wa mafuta,
kwa hiyo sijui kamwe nimebakiwa na dizeli kiasi gani.
Kutoka Chimala kupanda Matamba
kuna kona hamsini na saba;
Ulanzi anazijua zote kwa tumbo.
Na usiku wa Julai, kando ya Kitulo,
baridi ikikwaruza bati kwa kucha,
wananipandia kifuani wote wawili bila ugomvi.
Blanketi moja, mikoromo mitatu.

Watu husema paka hafuati mtu, hufuata nyumba.
Hama naye leo, kesho utamkuta amerudi,
analia mlangoni kwa wapangaji wapya.
Mke wangu alisema hivyo hivyo, akinikusudia mimi:
"Wewe ni paka, Bwana Mifugo.
Siku nikifa utabaki unalinda kuta."
Nilibaki mwaka mmoja.
Kisha nikauza kuta.

Mvua ya kwanza ya Novemba ilitukuta Matamba,
ikanyesha usiku kucha.
Asubuhi, Ulanzi hayupo.
Nikaita. Nikagonga sahani.
Nikakaanga dagaa wa Kyela mlango wazi,
harufu ikaenda mpaka kanisani, ikarudi peke yake.
Chanjo kwenye kasha la barafu ilikuwa inahesabu saa,
na kuku wa watu wanangoja.
Atukuzwe Sanga, kwenye lundo lake la viazi, akaniambia,
"Nenda zako, mzee. Paka hapa ni wengi,
chukua mwingine, hata huyu wangu, mwizi huyu."

Likaja lori kupakia viazi.
Nikaambiwa nisogee.
Nikasogea, hatua kama arobaini, hadi penye ghala,
nikazima injini, nikatazama kwenye kioo cha pembeni
kwa mazoea tu.

Kiwanja chote kilikuwa kimelowa, kimekuwa cheusi,
isipokuwa pale nilipolala:
mstatili mmoja wa vumbi jekundu,
urefu wa gari, upana wa gari,
tone la oili katikati.
Na ndani yake Ulanzi,
ameketi, mkia umezunguka miguu,
kama mtu aliyefika kwake
akakuta nyumba imetoka kidogo.

Hakuwa ananitafuta. Wala hakulia.
Alikuwa anangoja irudi.

Nikairudisha, kinyumenyume, polepole,
dereva wa lori akinipigia honi
na kunitukana kwa lugha mbili,
mpaka nikasikia kucha kwenye ngazi.
Nikazima tena. Nikakaa.
Sijui nilikaa muda gani; honi iliendelea.
Picha ya mke wangu ilikuwa imeanguka kwa mtikisiko,
nikaiokota, nikaifuta kwa kiganja.
Pareto hakuamka.
Mshale wa mafuta bado sijauona.