Udongo Mkavu

Daktari wa Longton aliandika vidonge,
kisha akaigeuza karatasi, akaandika nyuma:
Jumatano, saa nane mchana, karakana ya zamani
karibu na stesheni. Vaa nguo kuukuu.
Nikadhani amekosea mgonjwa.

Mimi Mwanashee binti Kombo, miaka hamsini na miwili,
usiku naogesha wazee wa watu, mchana nalala,
au nalalia mgongo nikihesabu nyufa za dari,
na hivyo si kitu kimoja.
Tangu Machi sijalia. Tangu Machi sijacheka pia.
Chai inapoa nimeishika
kama niliyeshikishwa mkono wa mtu mwingine.

Dada yangu, kwenye simu kutoka Pangani:
"Sonona? Una kazi, una karatasi, una friji.
Hiyo sonona imepitia mlango gani?"
Nikatafuta mlango.
Salio lake likaisha kabla sijaupata.

Stoke ni mji wa vyungu. Matanuri yake
kama chupa kubwa za matofali yamesimama baridi
nyuma ya maduka, majani yameota midomoni.
Karakanani tulikuwa saba.
Trevor Bloor, aliyepaka dhahabu kingo za sahani
miaka thelathini, mikono sasa haimtii.
Callum, kijana asiyevua kofia.
Hakuna aliyeuliza una nini.
Glenys mwalimu, aproni yake nzito kuliko yeye,
aliuliza tu: laini au mgumu?

Wiki ya kwanza nilifinya donge, likabaki donge.
Wiki ya tatu, sijui kwa nini, nikafinya sikio.
Ndewe ndefu, yenye tundu la hereni.
Nikalitambua lilipokwisha:
la Bi Edith wa chumba cha tisa,
niliyemsimulia mambo yangu kwa Kiswahili kila alfajiri,
naye haelewi neno, anaitikia tu, mm, mm,
hadi Machi, nilipokwenda kuchukua taulo
na kurudi na taulo.

Kwetu tunasema, nikamwambia Glenys,
udongo uwahi ungali maji.
Nikamfasiria nilivyoweza. Nikamalizia:
wangu ulishakauka.
Akanivuta hadi kwenye ndoo pembeni.
Ndani, vipande vya kazi zilizoharibika, vikavu kama mfupa.
"Ulio nusunusu," akasema, "huo ndio mkaidi.
Maji yanauteleza, ndani unabaki vilevile.
Huu, tazama."
Akamimina.
Kikasikika kisauti, kama mtu anayenong'ona usingizini,
povu, povu, kisha kipande kikalegea mabega,
kikaporomoka chenyewe,
tope laini kama mtindi.

Nililia palepale, juu ya ndoo.
Trevor akanisogezea kitambaa, nacho kimejaa udongo;
nikajifuta, nikainuka na masharubu.
Callum ndiye aliyeanza kucheka.
Mimi nilikuwa wa pili.

Sisemi nimepona. Vidonge nameza,
kimoja kila asubuhi yangu, ambayo ni jioni ya wengine.
Zipo Jumatano basi hufika, hufungua mlango, huondoka,
nami nimekaa kituoni na aproni mfukoni.
Sikio lenyewe lilipasuka tanurini,
lilikuwa na unyevu ndani, nisiouona.
Likatoka vipande vitatu.
Mfinyanzi hulia gaeni: kile kikubwa
nimekiweka jikoni, naegeshea kijiko.

Jana dada kapiga tena.
"Unafanya nini?"
"Nafinyanga."
"Unafinyanga nini?"
"Bado sijajua."
Nikangoja anicheke. Kimya.
Kisha nikasikia, kule Pangani,
akivuta kiti.