Ukingo wa Turubai

Picha ililetwa asubuhi, imeviringwa shuka la kitanda.
Mwenyewe ni Mselem, wakala wa forodha kule Kilindini.
"Itie fremu," akasema, "nene, ya rangi ya dhahabu,
wageni wajue nimetoa pesa."

Nikaiegemeza ukutani, kati ya cheti cha ndoa
na picha ya mahujaji wa mwaka juzi.
Nyuma, kwa penseli: *Mombasa. Batuli, Mwembe Kuku.*
Mimi nimezaliwa Mombasa. Nikaitafuta.

Kuna mraba wa chokaa, umechubuka pembeni.
Kuna manjano, ile ya binzari iliyomwagika
ikafutwa kwa kiganja.
Mistari minne myeusi imesimama, haina vichwa:
kreni, nadhani, au watu wanaongoja kulipwa.
Na kijivu, kijivu, tabaka juu ya tabaka,
kama ukuta uliobandikwa nyuso za wagombea
uchaguzi baada ya uchaguzi
hata hajulikani aliyeshinda.

"Wangu wa darasa la pili angechora haya," akasema Mselem.
"Na bahari iko wapi? Kisiwa gani hiki hakina maji?"
Sikuwa na jibu. Nikamwambia: Alhamisi.

Usiku umeme ukakatika, nikafanya kazi kwa taa ya simu.
Nikailaza kifudifudi nipime unene wa mbao,
nikang'oa msumari mmoja, wa pili,
na pale kitambaa kinapojikunja kwenda nyuma,
pasipotazamwa na yeyote ila fundi,
nikaiona.

Buluu. Upana wa kidole gumba.
Nzito upande wa Likoni, kwa Tudor imepauka,
inazunguka pande zote nne
ila pale Makupa, imekatizwa na uzi wa kijivu.

Miaka thelathini nafunika kingo za watu.
Ndiyo kazi. Fremu humeza nusu inchi kila upande
na hakuna aliyewahi kurudi kuidai.

Alhamisi akaja na pesa mkononi.
Nikamtolea picha vile vile, tupu, misumari nimeirudisha.
"Simama ubavuni," nikamwambia.
"Hapo mbele husimama mgeni."

Akasogea. Akainamisha shingo
kama mtu achunguliaye dirisha la jirani.
Muda ukapita, chai yangu ikapoa.
Kisha akauliza ni shilingi ngapi kutoitia fremu,
na wallahi sikujua nimtoze nini.