Tiketi Mbili za Daraja la Pili

Shangazi Skolastika ameamua: Jumanne.
Si Jumatatu. Jumatatu mabehewa yamejaa
mabwana wa karanga na mbwa wao.
Tutoke Nachingwea kabla jua halijashika bati,
Mtama tununue ming'oko, ya chumvi, ingali moto,
na Mikindani tuingie watu wakitoka kuswali adhuhuri.

Mimi naandika. Nyuma ya stakabadhi ya korosho,
kilo mia moja na nne, malipo ya pili hayajaja.
"Andika maji," anasema. "Andika khanga ya kujitanda,
moshi ule una cheche, unatoboa nguo."
Naandika: maji. Khanga. Cheche.

Reli iling'olewa kabla mama hajanizaa.
Nalijua hilo. Naye analijua.
Hata mbuzi wa Mpangala wanalijua,
wanaojikuna kila asubuhi kwenye nguzo za zizi
zenye matundu ya parafujo yasiyo na kazi.
Vipande vilivyobaki nimevihesabu:
kimoja kimelala juu ya mtaro dukani kwa Chitanda,
viwili vimebeba paa la mashine ya kukoboa,
kimoja kinaning'inia kwa waya shule ya msingi,
ndiyo kengele.
Vingine, wanasema, vilipelekwa mbali, vikabebe watu wengine.
Sijui. Chuma hakiagi.

Baba yake alishika bendera ya kijani kituoni.
Miaka mingi aliruhusu wengine waende.
Siku moja akanunua tiketi mbili, yake na ya binti,
akamwoneshe Mikindani, mlango mmoja tu,
ambao mama wa mama yake aliuingia na kamba shingoni
akautoka na jina jingine.
Wiki ile treni haikuja.
Iliyofuata, haikuja.
Kisha wakaja watu wenye spana.

Tiketi ni kadi ngumu, rangi ya chai iliyopoa.
Hazijatobolewa.
"Nikifa usinizike nazo," anasema. "Ni hela ya baba."

Nikamwambia, Shangazi, kuna basi.
Linaondoka saa kumi na moja alfajiri.
Akanitazama kama mtu aliyetia sukari kwenye kisamvu.
"Basi linapiga honi lenyewe, kama mlevi.
Treni inapigiwa kengele. Kuna mtu amekuruhusu uende.
Huoni tofauti?"
Sikuiona. Nikanyamaza, nikachovya muhogo.

Jumanne akavaa viatu vya Pasaka.
Kikapu, chupa ya maji, khanga ya pili juu ya ya kwanza.
Nikadhani tunakwenda kituoni, pale palipo na msingi wa saruji
na mpapai mmoja. Tukapita.
Tukaingia shule ya msingi.
Mwalimu wa zamu, Mnali, alikuwa chooni.
Shangazi akaokota ile nati kubwa chini ya kengele,
akaipima uzito kama mnunuzi wa dhahabu,
akagonga.
Mara tatu. Kimya. Mara mbili.
Sauti ile sikuwahi kuisikia hivyo;
niliisoma miaka saba, nikidhani inasema hesabu.

Madarasa yakafunguka yote. Saa tatu na robo!
Vumbi, madaftari, vikumbo mlangoni,
mtoto mmoja ana kiatu kimoja, anacheka, anaita wenzake.
Mnali akaja anafoka huku anafunga mkanda.
Na Shangazi amesimama pembeni, wima,
tiketi mbili amezinyoosha mbele,
mkono hautetemeki.
Hakuna aliyezitoboa.

Njiani akasema, "Umeona wangapi wameshuka?
Behewa tupu sasa. Tungekaa dirishani."
*Tungekaa.* Nililisikia neno hilo mpaka nyumbani.

Jioni nimekwenda kuuliza nauli ya basi,
watu wawili, kwenda na kurudi.
Sijamwambia bado.
Ila kwenye stakabadhi, chini ya cheche,
nimeongeza: dirishani.
Na chini yake: nati.